Tundu Dogo Kifuani: Mwongozo kwa Mwenye Mbwa Mgonjwa wa Pafu

Ikiwa makazi yako ni Bariadi mjini, au ni kijiji chochote cha Itilima, Maswa, Meatu au Busega, na mbwa wako aliyelilinda zizi dhidi ya fisi kwa miaka mingi ameshikwa na kikohozi kisichosikia dawa, hata mtu mmoja mwenye kufuatilia habari za ughaibuni akakueleza kwamba huko matabibu wa wanyama hutoboa kifua cha mbwa matundu matatu madogo, wakapenyeza kamera na mikasi mirefu, wakauondoa uvimbe wa pafu na mbwa akarudi nyumbani baada ya siku chache, basi maandishi haya ni yako. Habari uliyopewa ni ya kweli. Lakini kati ya kikohozi ulichokisikia usiku na tundu hilo pana safari ndefu yenye vituo vingi, na katika kila kituo mbwa wengi hushuka: hawa kwa sababu maradhi yao si uvimbe kabisa, wale kwa sababu uvimbe wao haukuanzia pafuni, na wengine kwa sababu umekwisha kuenea kiasi ambacho kisu hakina faida tena. Rai yangu ni kwamba udogo wa tundu ni jambo la mwisho kuulizwa. La kwanza ni kuyajua kwa yakini yaliyomo kifuani, na sehemu kubwa ya elimu hiyo yaweza kuanza kutafutwa leo, uani kwako, bila mtambo wowote.

Kabla hujamshika, chukua hadhari moja ambayo haina badala. Mkoa wa Simiyu umepakana na Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, na kichaa cha mbwa si maradhi ya kusimuliwa tu katika nchi hii. Mbwa aliyeshikwa nacho aghalabu hudhaniwa kuwa amekwamwa na mfupa: hukohoa, hudondokwa na mate, taya hulegea, sauti hubadilika, akashindwa kumeza hata maji, na mwenye mbwa kwa huruma yake akatia mkono kinywani kuutafuta mfupa ambao haumo. Usifanye hivyo. Mbwa mwenye dalili hizo, hasa zikiwa zimezuka kwa siku chache na kuandamana na mabadiliko ya tabia, mfungie peke yake na umwite bwana mifugo. Na aliyekwisha kung'atwa, au kurukiwa mate kwenye jeraha, na aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kutafuta chanjo, kwa maana dalili zikishajitokeza kwa binadamu hapana tiba.

Hadhari hiyo ikishatimizwa, uliza umri wa mbwa. Saratani inayoanzia pafuni penyewe ni adimu kwa mbwa, takriban moja katika kila saratani mia zinazowapata, na ni maradhi ya uzeeni: wengi wao huwa na miaka kama 10 au 11 inapogunduliwa. Mbwa wetu wa vijijini, wanaokufa kwa magari, kwa chui, kwa sumu na kwa maradhi ya udogoni, wachache huufikia umri huo. Kwa hiyo mbwa wa miaka miwili anayekohoa Bariadi ana sababu nyingi za kukohoa kabla ya saratani. Huenda ikawa ni distempa, yenye makamasi, homa, kuhara na baadaye mitukutiko ya misuli, ambayo mwaka 1994 virusi vyake viliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban thuluthi yao, na wataalamu wakahitimisha kwamba chanzo kilikuwa mbwa wasiochanjwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Huenda ikawa minyoo ipitayo mapafuni, au sumu ya kuogeshea ng'ombe aliyoilamba josho lilipokuwa wazi. Na kama ni mzee, moyo uliochoka humfanya akohoe usiku kama mwenye uvimbe. Pana na jambo ambalo watu hawalitazamii: mbwa huweza kuambukizwa kifua kikuu na binadamu anayelala naye nyumba moja, na vinundu vya kifua kikuu pichani havitofautiani sana na vya saratani. Ikiwa nyumbani yupo mtu aliyekohoa zaidi ya wiki mbili, mtu huyo na aende kupimwa kwanza.

Nitakawia kidogo juu ya mnyoo mmoja, kwa kuwa unafanana na kadhia yetu kuliko maradhi mengine yote, na kwa kuwa nchi zetu za Afrika Mashariki ni maskani yake. Jina lake la kitaalamu ni Spirocerca lupi. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakamezwa na wale wadudu weusi wanaoviringisha vidonge vya kinyesi njiani. Mbwa akimla mdudu huyo, au akila mjusi au matumbo ya kuku aliyemla mdudu huyo, funza wa mnyoo hutoboa ukuta wa tumbo la chakula, hupanda kwa njia ya mishipa ya damu hadi kwenye mshipa mkuu utokao moyoni, na mwishowe huhamia katika umio, akajenga humo kinundu anamoishi. Kinundu hicho kikikaa miaka huweza kugeuka saratani ya kweli, na saratani hiyo ikatawanya mbegu zake mapafuni. Maradhi haya yalichunguzwa nchini Kenya na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1977, nayo ni katika maandishi yanayosomwa na madaktari wa wanyama hata leo. Muradi wangu wa kuyataja ni huu: mbwa wa Simiyu mwenye uvimbe kifuani, hasa kama anatapika chakula ambacho hakijasagika, anamezameza mara kwa mara na amekonda, na achunguzwe mnyoo huu kabla ya kuhukumiwa saratani ya pafu, kwa sababu ukiwahiwa huuawa kwa sindano za doramektini bila kuhitaji kisu.

Sasa mtazame mbwa wako. Subiri alale usingizi kivulini, keti karibu naye na uhesabu mbavu zinavyopanda katika dakika nzima. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mbwa mzima aliyelala havuki 30. Andika hesabu hiyo kila jioni kwa wiki moja kwenye daftari, kwa maana daktari atakushukuru kwa safu ya tarakimu kuliko kwa maneno "anahema sana". Inua mdomo wa juu, kama hana dalili za kichaa nilizozitaja, uangalie ufizi: uwe wa waridi, si mweupe wala wa buluu. Kama ni jike, mlaze ubavu na umpapase matiti yote, moja moja, kuanzia kifuani hadi kinenani, kwa maana majike wetu wengi hawajafungwa kizazi na uvimbe wa matiti ni katika uvimbe wanaoupata zaidi; ukigusa kidonge kigumu kama kokoto, yamkini uvimbe wa pafuni umetoka huko. Tazama na sehemu za siri, dume na jike, kama pana nyama laini yenye kuvuja damu, ifananayo na koliflawa: hiyo ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, iliyoenea mno kwa mbwa wazururao, ambayo mara chache sana hufika mapafuni, na ambayo hupona kwa vinkristini, sindano ya kila wiki kwa majuma manne hadi sita. Kisha shika miguu yake minne. Mbwa mwenye uvimbe kifuani huweza kuvimba miguu kutoka kwenye makucha kupanda juu, migumu na yenye joto, akachechemea pasipo jeraha. Mifupa inaota tabaka la mfupa mpya juu yake kwa sababu ambayo matabibu hawajaimaliza kuieleza, na ajabu ni kwamba uvimbe wa kifuani ukiondolewa miguu hupoa yenyewe. Nimeona mbwa wa namna hii akichuliwa mafuta ya kondoo mwezi mzima kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa viungo.

Hatua ifuatayo ni tabibu, nawe ujue unamwendea nani. Bwana mifugo wa kata ni mtu wa msaada mkubwa katika chanjo na dawa za minyoo, lakini kifua cha mbwa huhitaji daktari wa mifugo mwenye shahada, aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari lililoundwa chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Muulize usajili wake bila kuona haya. Ikiwa hujui pa kumpata, ofisi ya mifugo ya halmashauri itakuelekeza, na katika siku za Nane Nane ukienda viwanja vya Nyakabindi, ambako maonesho ya kitaifa yalifanyika mwaka 2018 hadi 2020, aghalabu utawakuta wataalamu wengi kwa pamoja, nao hujibu maswali bila ada. Mwombe daktari achukue damu mapema. Katika nchi ya kupe na mbung'o, mbwa anaweza kuonekana mzima ilhali amebeba vijidudu vya kupe vinavyozipunguza chembe za kugandisha damu, au vimelea vya nagana. Mbwa kama huyo akilazwa mezani na kukatwa, atatoka damu isiyozuilika, na mpasuaji hodari wa ughaibuni na wa hapa nchini watashindwa sawasawa. Sampuli ambazo hazisomeki Bariadi hupelekwa katika kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, kilichoko Mwanza.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu wakati ukingoja. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linazo, hutoboa tumbo la mbwa na kuziua figo zake kwa kipimo ambacho kwa mtu ni kidogo tu.

Kisha huja picha. Picha moja ya eksirei ya ubavu mmoja haitoshi, na daktari akikupa hiyo moja tu mwombe kwa adabu zaidi: ziwe tatu, amelala ubavu wa kulia, wa kushoto, na chali au kifudifudi, zote zikipigwa pumzi ikiwa imejaa. Sababu yake ni kwamba mbwa akilala ubavu, pafu la chini hubanwa na uzito wa mwili, hewa ikapungua ndani yake, na uvimbe uliomo ukafichika kabisa. Upande wa juu, uliojaa hewa, ndio unaouonyesha. Fauka ya hayo, eksirei haioni uvimbe ulio mdogo kuliko takriban milimita 7 hadi 10, ilhali mtambo wa siti-skani huona hata wa milimita chache, na kwa hiyo mpasuaji makini hatakubali kugusa kifua kabla ya siti-skani ikiwa inapatikana. Ukiitazama picha pamoja na daktari, muulize maswali matatu. Je, uvimbe ni mmoja au ni mwingi? Mwingi aghalabu maana yake ni kwamba umetoka kwingine, na upasuaji wa pafu hauna nafasi. Je, umekaa wapi? Mbwa ana vipande vinne vya pafu upande wa kulia na viwili upande wa kushoto, na uvimbe wa asili ya pafu hupenda vipande vya nyuma, vilivyolalia kiwambo cha tumbo; ule ulioko katikati, nyuma ya moyo na karibu na uti wa mgongo, utie shaka ya mnyoo niliokwisha kuutaja. Je, tezi zilizoko kwenye njiapanda ya koo la hewa zimevimba, au kifua kimejaa maji? Jibu la swali hili ndilo linalopima umri uliobaki. Mbwa mwenye uvimbe mmoja, tezi zikiwa safi, akipasuliwa aghalabu huishi mwaka mmoja au zaidi. Tezi zikishaingiliwa, miezi michache tu.

Wakati mwingine daktari atapenda kuuchoma uvimbe kwa sindano nyembamba kupitia kati ya mbavu, akiongozwa na ultrasaundi, ili apate chembe za kutazama kwenye darubini. Hili lina faida pale ambapo kifua kikuu, jipu au fangasi bado vinashukiwa. Lakini kama uvimbe ni mmoja, mbwa ni mzee, na umekwisha kuamua kwamba lazima utolewe, wapasuaji wengi huona sindano hiyo haina la kuongeza, maana matokeo yoyote hayataubadili uamuzi, na hewa yaweza kuvuja.

Sasa tumefika kwenye tundu. Ufundi wa kuchungulia kifuani kwa darubini si mgeni: Hans Christian Jacobaeus, tabibu wa Stockholm, aliutangaza mwaka 1910, akautumia baadaye kwa wagonjwa wa kifua kikuu ambao mapafu yao yalishikamana na ukuta wa kifua. Kwa mbwa ulichelewa, na kuondoa kipande kizima cha pafu kwa njia hiyo ni jambo ambalo majarida ya veterinari yalianza kulieleza kwa mapana katika karne hii. Si kila uvimbe unaokubali. Uwe mdogo, na wengi huweka mpaka wa sentimita 8 hivi kwa mbwa mkubwa, na pungufu ya hapo kwa mbwa wa kilo 15 kama wengi wa kwetu. Uwe pembezoni mwa kipande, mbali na shina ambamo mshipa wa damu na bomba la hewa huingia, kwa sababu chombo cha kufungia kinahitaji nafasi ya kuuma. Na usiwe umeshikamana na mbavu wala moyo. Kifua cha mbwa mdogo ni chumba kisicho na nafasi ya kugeuzia vyombo, na kwa wepesi wote wa maneno "tundu dogo", kazi hii ni ngumu kuliko kifua kikiwa wazi.

Ingia nami katika chumba hicho ujue unacholipia. Mbwa amelala ubavu, upande mgonjwa ukiwa juu, amenyolewa kutoka bega hadi kiunoni. Mtaalamu wa nusukaputi, ambaye katika kazi hii ni muhimu sawa na mpasuaji, amepitisha mpira kooni kisha akaliziba bomba la hewa la pafu lile lenye uvimbe, ili mbwa apumue kwa pafu moja tu la chini. Pafu la juu hunywea polepole kwenye kioo cha televisheni, likageuka kutoka rangi ya waridi hadi ya zambarau, na uvimbe uliokuwa umefichwa na hewa ukasimama peke yake. Matundu matatu hutobolewa kati ya mbavu, moja la kamera na mawili ya mikono ya chuma, na mojawapo hupanuliwa sentimita chache mwishoni. Chombo kirefu chenye mdomo kama wa mamba hulishika shina la kipande, kikaubana mshipa na bomba pamoja, na kwa kubonyezwa mara moja kikapiga safu kadhaa za vibanio vidogo vya titani huku kisu kilichomo ndani yake kikikata katikati ya safu hizo. Kisha kipande huingizwa katika mfuko wa plastiki ndani ya kifua kabla ya kuvutwa nje, kwa sababu uvimbe wa saratani ukipitishwa wazi kwenye jeraha huweza kuacha mbegu zake ukutani, nao ukaota tena pale pale. Tezi ya njiapanda hukatwa ikaongezwa kwenye chupa ya sampuli. Maji ya chumvi humiminwa kifuani na pafu likajazwa hewa tena: vikitokea viputo penye vibanio, hapajafungika. Mwisho huachwa mpira wa kutolea hewa na majimaji, na sindano ya ganzi hupigwa kando ya mbavu.

Ukiambiwa kwamba njia hii inamponya mbwa kuliko njia ya zamani ya kufungua kifua kati ya mbavu mbili, usikubali haraka. Utafiti mmoja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, uliwalinganisha mbwa 46 wa umbo la kati na kubwa waliotolewa uvimbe wa pafu, wengine kwa matundu na wengine kwa kifua wazi. Matokeo ya siku za karibu hayakutofautiana kwa maana, na upasuaji wa matundu ulichukua muda mrefu zaidi. Faida ya tundu iko katika maumivu, jeraha dogo, na mbwa kuanza kutembea mapema. Nayo ni faida ya kweli, ila haiongezi umri wake ikiwa saratani imetolewa yote kwa njia zote mbili. Kwa sababu hiyo mwenye mbwa wa Bariadi ambaye amempata mpasuaji mzoefu wa kifua wazi asijihesabu kuwa amekosa tiba. Kifua kilichofunguliwa vizuri na mtu aliyekwisha kuvifungua vingi ni salama kuliko tundu linalotobolewa na mtu anayejifunza, na mpasuaji mwaminifu wa matundu naye atakueleza mapema kwamba vyombo vya kufungua kifua vitakuwa tayari mezani, kwa maana damu ikizuka hana budi kubadili njia.

Basi uende wapi? Bariadi usitarajie kuupata upasuaji wa kifua wa namna yoyote kwa mbwa. Ndani ya Tanzania mahali pa kuanzia ni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, chuo kilichoanzishwa mwaka 1984 na ambako ndiko wanakosomea madaktari wengi wa wanyama wa nchi hii. Njia yako ni Maswa, Mwigumbi, Shinyanga, Singida na Dodoma. Upande wa pili ni Nairobi, kwenye kitivo cha veterinari cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete na zahanati kubwa za binafsi za mji ule. Ukiitazama ramani utaona kwamba kutoka Bariadi Nairobi ni karibu kuliko Morogoro: kilomita 71.8 za lami hadi Lamadi, kisha Musoma, Tarime na mpaka wa Sirari. Ila mpaka una karatasi zake: cheti cha chanjo ya kichaa ambayo si ya jana, hati ya afya kutoka kwa daktari wa serikali, na kibali cha kumwingiza mnyama kutoka idara ya veterinari ya Kenya, kikipatikana kabla ya safari na si langoni.

Usianze safari yoyote kabla ya kupiga simu na kuuliza haya, ukiyaandika majibu: mpasuaji amekwisha kutoa vipande vya pafu kwa mbwa wangapi, na wangapi waliondoka hai, je, ipo mashine ya kumpumulisha mbwa na mtu wa kuiangalia kutoka mwanzo hadi mwisho, je, usiku wa kwanza mbwa atakuwa na mtu macho, au atafungiwa mlango hadi asubuhi, na gharama yote, pamoja na siti-skani, maabara na siku za kulazwa, ni kiasi gani kwa maandishi. Swali la usiku wa kwanza ndilo watu wanalolisahau, nalo ndilo ningeliuliza kwanza, kwa sababu mpira wa kifuani ukichomoka saa nane za usiku pasipo mtu, kazi yote nzuri ya mchana imekwenda bure. Picha zako zitume kwa simu kabla hujasafiri. Mara nyingi zitakupunguzia safari isiyo na matumaini. Ukisafiri, safiri alfajiri au usiku, kwa gari la kukodi kama waweza. Mbwa mwenye pungufu ya pumzi akitiwa kwenye buti la basi katika jua la Shinyanga hatafika.

Na kama hesabu zimekataa, au picha zimeonyesha vinundu vingi, au mbwa ni mzee taabani, hujashindwa kumtendea wema. Daktari aweza kumtoa maji ya kifuani kwa sindano akapumua vizuri kwa siku au majuma, akampa dawa ya uvimbe na maumivu iliyotengenezwa kwa mbwa kama meloksikamu, na dawa ya kutuliza kikohozi. Mpe chakula kidogo mara nyingi, mwondolee kamba ya shingoni umfunge kwa mkanda wa kifua, umlaze penye upepo. Pumzi za usingizini zikivuka 40 siku baada ya siku, akakataa chakula na kulala akiwa amekaa kwa kuwa akijinyoosha anakosa hewa, wakati wa sindano ya mwisho umefika. Nayo ifanywe na daktari, kwa maana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inataka mnyama asiteswe hata katika kufa, na sumu ya kutegea fisi au rungu la jirani si tiba ya rehema.

Aliyepasuliwa akarudi, ana masharti machache lakini hayabembelezwi. Mpira wa kifuani huondolewa hospitalini, aghalabu ndani ya siku moja au mbili, hewa ikiwa imekoma na majimaji yakipungua hadi kama mililita 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Usikubali arudi nao nyumbani. Kwa majuma mawili asifuate ng'ombe, asiruke ukuta wa miiba, asipigane. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14. Jeraha litazamwe asubuhi na jioni, lisilambwe, wala lisipakwe majivu wala mafuta ya taa. Kikohozi kidogo kwa siku chache si ajabu, lakini pumzi zikipanda ghafla, au ngozi ya kifuani ikivimba na kuhisika mithili ya karatasi kavu inayovunjwa chini ya vidole, hewa inavuja, mrudishe siku ile ile. Miguu iliyokuwa imevimba itapoa ndani ya majuma mawili hivi, ijapokuwa mifupa huchukua miezi.

Barua ya maabara ndiyo usiyoruhusu ipotee. Kipande na tezi hutiwa katika fomalini yenye ujazo mara kumi ya nyama yenyewe, na majibu yatasema kama saratani ni ya aina iliyokomaa vizuri au ya ovyo, kama kingo zilizokatwa ni safi, na kama tezi zimeingiliwa. Kwa majibu hayo daktari atakueleza kama dawa za saratani zina manufaa yoyote, na atakupangia picha za kifua kila baada ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Picha hizo zaweza kupigwa Mwanza na kutumwa kwa mpasuaji aliko. Usimrudishe mbwa Morogoro au Nairobi kwa ajili ya picha peke yake.